RICO: Wavu wa Mapapa Ulivyogeuka Kokoro

Ni siku kadhaa sijaandika, si mnajua tena mambo ya testi, na bumu lenyewe limechelewa, kwa hiyo akili ilikuwa inawaza tumbo kuliko historia. Leo nimepata nafasi, nikasema ngoja nishushe nondo kidogo kuhusu jambo lililoleta ubishi mkubwa hapa hosteli: hii sheria ya Wamarekani inayoitwa RICO.

Ubishi wenyewe waliuanzisha wapenzi wa muziki. Mwaka 2022 Young Thug alishtakiwa kule Georgia pamoja na wenzake 27, na kesi ikaburuzwa mpaka Oktoba 2024 alipokiri makosa na kupewa miaka 15 ya uangalizi nje ya gereza. Halafu akaja Diddy, ambaye Julai 2025 alionekana hana hatia kwenye shtaka hilo hilo la RICO, ingawa alipatikana na hatia kwenye makosa mengine. Basi hapo kila mtu akawa mwanasheria. Mmoja anasema RICO ni sheria ya kuwakomoa wanamuziki weusi. Mwingine anasema hapana, ni sheria ya Mafia. Mwingine, huyu anasoma Sheria kabisa, anasema ni sheria ya kila mtu. Wote wana kipande cha ukweli. Ila ukweli wenyewe una mpangilio wa miaka, na hapo ndipo sisi watu wa Historia tunapoingia.

Kwanza tuweke sawa jambo moja. Kesi ya Young Thug ilikuwa ya sheria ya jimbo la Georgia, ambayo ni mtoto. Mama ni RICO ya serikali ya shirikisho, ya mwaka 1970, na huyo mama ndiye ninayemzungumzia leo. Na sitazungumzia wanamuziki. Nataka kuzungumzia magenge ya mitaani, yale yanayoua watu, na jinsi sheria iliyotungwa kuwanasa vigogo ilivyoshuka mpaka kwa vijana wa vichochoroni.

Tena tazameni hata neno lenyewe. Huku kwetu ukimwambia mtu "naenda gengeni", anajua unakwenda kununua nyanya, vitunguu na bamia. Genge la wajenzi wa reli nalo ni genge. Halafu kuna genge la majambazi. Neno moja, watu wa aina tatu. Anayesikia ndiye anayeamua unamaanisha lipi. Wekeni hilo akilini, maana kesi zote za RICO zinazunguka swali hilo hilo: hawa watu waliokaa pamoja ni genge gani?

Turudi nyuma. Marekani ni shirikisho. Kila jimbo lina polisi wake, sheria zake na mahakama zake. Kuua, kupora, kupiga mtu, kwa kawaida hizo ni kesi za jimbo. Serikali ya shirikisho inaingia pale tu Katiba inapoipa mlango, na mlango mpana kuliko yote ni biashara inayovuka mipaka ya majimbo. Halafu sheria ya jinai, kule kama huku, ilizoea kuuliza swali moja: nani alifanya nini, siku gani, mahali gani? Aliyefyatua risasi anashikwa. Aliyemtuma amekaa nyumbani kwake anakunywa kahawa, mikono misafi.

Al Capone wa Chicago mnamfahamu wote kwa jina. Mtu yule alihusishwa na mauaji chungu nzima, lakini mwaka 1931 alifungwa miaka 11 kwa kukwepa kodi ya mapato. Kodi! Yaani serikali nzima ilishindwa kumfunga kwa damu ikamfunga kwa hesabu.

Mfano wa pili naupenda zaidi. Novemba 14, 1957, kwenye kijiji cha Apalachin, jimbo la New York, askari wa jimbo waliona magari ya kifahari yamejazana nyumbani kwa tajiri mmoja, Joseph Barbara. Kumbe walikuwa wakubwa wa Mafia kutoka pande mbalimbali za nchi. Walipoona askari, wazee wazima na suti zao wakakimbilia porini. Zaidi ya 50 walikamatwa. Walipoulizwa mnafanya nini hapa, wengi wakajibu kwamba wamekuja kumjulia hali rafiki yao mgonjwa. Watu 20 walipatikana na hatia ya kula njama kuficha ukweli wa kikao kile. Mwaka 1960 mahakama ya rufaa ikafuta hukumu zote. Kwa nini? Kwa sababu hakuna aliyethibitisha walichokuwa wanazungumza. Kukaa pamoja si kosa, hata kama mliokaa pamoja ni wabaya wa kutisha.

Wadau, shikeni sana hukumu hiyo ya 1960. Ni hukumu nzuri, na wakati huo huo inaudhi. Nzuri kwa sababu inamlinda mtu asifungwe kwa marafiki zake. Inaudhi kwa sababu wale wazee walirudi nyumbani kuendelea na kazi yao ya kuua. RICO ilizaliwa kutokana na maudhi hayo.

Mwaka 1963 askari mmoja wa chini wa Mafia, Joseph Valachi, alikaa mbele ya kamati ya Seneti iliyoongozwa na Seneta John McClellan wa Arkansas, akaeleza hadharani jinsi familia zao zilivyopangwa: bosi, msaidizi wake, makapteni, askari. Ndipo Wamarekani wakaona kwamba tatizo si mtu mmoja mmoja. Ukimfunga bosi, kiti kinabaki na anakaa mwingine. Mwanasheria G. Robert Blakey akafanya kazi na McClellan kuandika sheria ya kukishtaki kiti chenyewe. Rais Richard Nixon aliitia sahihi Oktoba 15, 1970.

Sasa nieleze kama niko ubaoni. Ili mtu afungwe kwa RICO, mwendesha mashtaka lazima aoneshe mambo manne. Moja, kuna kundi. Linaweza kuwa kampuni, chama cha wafanyakazi, au watu tu walioungana bila kusajiliwa popote. Mbili, shughuli za kundi zinagusa biashara ya kati ya majimbo. Tatu, mshtakiwa ameajiriwa na kundi au ana uhusiano nalo, na anashiriki kuendesha mambo yake. Nne, ameshiriki kupitia mwenendo wa uhalifu, maana yake angalau makosa mawili ndani ya miaka 10, ukiondoa muda aliokaa gerezani. Makosa yenyewe yametajwa kwenye orodha ndefu: kuua, kuteka nyara, kuchoma moto mali, kupora, kuhonga, kutoza watu kwa vitisho, kuuza dawa za kulevya na mengineyo. Adhabu ni mpaka miaka 20 kwa kila shtaka, au maisha kama kosa la msingi linabeba maisha. Na mali zilizopatikana zinataifishwa.

Mmeona ujanja uliopo? Mauaji ya mwaka huu, dawa za kulevya za miaka mitatu iliyopita, uporaji wa miaka sita iliyopita, vyote vinaingia kwenye hati moja ya mashtaka, mbele ya jopo moja la juri, yaani wale raia 12 wanaoamua kama mtu ana hatia. Kesi inakuwa hadithi moja ndefu ya kundi. Hata kosa ambalo mtu alishafungwa kwenye mahakama ya jimbo linaweza kurudishwa kama tofali la kujengea kesi mpya.

Na jambo la muhimu kuliko yote: sheria haikutaja Mafia popote. Ilitaja kundi, basi.

Kwa karibu miaka kumi sheria ililala kabatini. Waendesha mashtaka wengi hawakujua waitumieje. Kulikuwa pia na ubishi: je, "kundi" ni lazima liwe la halali lililoingiliwa na wahalifu, kwa mfano chama cha wafanyakazi, au hata genge tupu la wahalifu linahesabika? Mwaka 1981, kwenye kesi ya Turkette, Mahakama ya Juu ikasema hata genge tupu linahesabika. Mlango ukawa wazi.

Aliyeingia kwa kishindo ni Rudolph Giuliani, wakati huo mwendesha mashtaka wa shirikisho jijini New York. Mwaka 1985 aliwashtaki wakubwa wa familia za Mafia za jiji hilo kwa pamoja, akisema "Tume" yao ya kugawana maeneo na kuruhusu mauaji ndiyo kundi lenyewe. Novemba 1986 wote wanane waliofika mwisho wa kesi walipatikana na hatia. Januari 1987 saba kati yao walipewa miaka 100 kila mmoja, wakiwemo mabosi watatu: Anthony Salerno, Anthony Corallo na Carmine Persico. Kile walichoshindwa kufanya baada ya Apalachin, sasa kimewezekana. Wavu ulishushwa kwa ajili ya mapapa na mapapa wakanasa. Mpaka hapo mimi sina ugomvi na mtu.

Sasa twende mitaani. Miaka ya 1980 kokeini ya kuvuta, ile wanayoiita crack, iliingia kwenye miji mikubwa ya Marekani, na pamoja nayo bunduki mikononi mwa vijana wadogo. Mwaka 1984 Bunge lilikuwa limeshatunga sheria ndugu ya RICO, inayomwadhibu mtu anayeua au kujeruhi ili aingie kwenye kundi la kihalifu au apande cheo ndani yake. Hii iliwafaa sana waendesha mashtaka wa magenge, maana kwenye magenge mengi damu ndiyo cheti cha kuhitimu. Na vita baridi vilipokwisha, Januari 1992 FBI iliwahamisha maofisa 300 waliokuwa wakiwinda majasusi wa kigeni, wakapelekwa kuwinda uhalifu wa mitaani. Adui wa Moscow ameondoka, adui mpya yuko kwenye kona ya mtaa.

Chukueni Latin Kings wa New York. Kiongozi wao, Luis Felipe, Mcuba aliyeingia Marekani mwaka 1980, aliunda tawi la New York mwaka 1986 akiwa gerezani. Genge lile lilikuwa na katiba, vyeo na michango. Kutoka selo yake aliandika barua za kuamuru watu wauawe, na amri zikatekelezwa nje. Hebu fikirieni, mtu ameshafungwa, gereza litamfanya nini tena? Barua zake zenyewe ndizo zilizomtia hatiani kwenye mahakama ya shirikisho mwaka 1996. Mwaka 1997 Jaji John Martin alimpa kifungo cha maisha na miaka 45 juu yake, akaamuru asiwasiliane na mtu yeyote isipokuwa wakili wake na watu watakaokubaliwa na mahakama. Hapo RICO ilifanya kazi vizuri kabisa. Kuna kundi kwa maandishi, kuna mkubwa, kuna amri, kuna maiti.

Lakini magenge yenye katiba ni machache. Magenge mengi ya mitaani ni vijana wa mtaa mmoja waliokua pamoja, wamesoma shule moja, mmoja ana bunduki, mwingine anauza bangi, mwingine ni ndugu wa yule mwenye bunduki. Hawana daftari la wanachama. Sasa mwendesha mashtaka atathibitishaje kwamba hili ni kundi? Atahitaji mdomo wa mtu wa ndani. Na hapa ndipo penye kidonda.

Huku mtaani mtu anayewachomea wenzake utambi tunamdharau. Kwenye RICO yeye ndiye nguzo ya nyumba. Sababu ni hesabu tu. Kwenye mfumo wa shirikisho, tangu mwaka 1987 hakuna tena utaratibu wa kuachiwa mapema kwa msamaha wa bodi kwa makosa yaliyofanywa baada ya hapo. Ukipewa 20, unakaa karibu yote. Kwa hiyo kijana wa miaka 22 anawekewa mezani karatasi mbili: miaka 20 na kuendelea, au useme. Wengi wanasema. Wakati wa kesi ya bosi wa Mafia John Gotti mwaka 1992, shahidi mkuu alikuwa msaidizi wake, Sammy Gravano, aliyekiri kuhusika na mauaji ya watu 19. Gravano alipewa miaka mitano. Watu 19, miaka mitano! Piga hesabu mwenyewe kila roho ilithaminiwa miezi mingapi.

Na kwenye magenge ya mitaani mambo yaliharibika zaidi. Chicago kulikuwa na genge la El Rukn, chini ya Jeff Fort, ambaye naye aliliendesha kwa simu akiwa gerezani Texas. Mwaka 1987 Fort alipatikana na hatia ya njama za kufanya ugaidi kwa malipo kutoka Libya, akapewa miaka 80. Mwaka 1989 wanachama 65 wakashtakiwa kwa mpigo, na wengi wakapatikana na hatia miaka iliyofuata. Ushindi mkubwa, magazeti yakashangilia. Kisha ikajulikana kwamba mashahidi wa serikali, wenyewe wana genge wa zamani, walikuwa wakitumia dawa za kulevya wakiwa mikononi mwa serikali na kupewa upendeleo ambao mawakili wa utetezi hawakuambiwa. Mwaka 1993 majaji wa shirikisho wakafuta hukumu kadhaa na kuamuru kesi zianze upya. Baadhi ya watu waliokuwa wakikabiliwa na vifungo vya maisha wakaishia na vifungo vifupi kwa makubaliano. Yaani serikali ilivunja kanuni ili iwashinde wauaji, na mwisho wa siku wauaji ndio waliofaidika.

Nisije nikaonekana natetea magenge, jamani. Kuna upande ambao watu wa haki za binadamu huwa wanaupitia haraka haraka, na si haki. Tatizo kubwa la mitaa ile ni kwamba watu wanauawa mchana kweupe na hakuna anayesema, kwa sababu anayesema anafuata. Chicago, kwenye kesi ya genge lililoitwa Hobos, shahidi wa serikali alipigwa risasi na kufa mbele ya familia yake mwaka 2013. Katika hali hiyo, kesi ya jimbo inayomtegemea shahidi mmoja wa mauaji mamoja haifiki popote. Mwaka 2017 watu sita wa Hobos walipatikana na hatia chini ya RICO, kwa sababu mauaji yote yaliunganishwa, na ukimwua shahidi mmoja bado wengine wapo. Kwa mama anayezika mtoto, hilo si jambo dogo.

Au tazameni MS-13. Genge hili liliundwa Los Angeles miaka ya 1980 na vijana waliokimbia vita vya El Salvador. Marekani ikawarudisha kwao wengi wao miaka ya 1990, genge likaota mizizi El Salvador, halafu likazunguka likarudi Marekani kwenye pwani ya mashariki. Januari 2016 watu 56 walishtakiwa kwa mpigo huko Massachusetts, wengi kwa RICO, baada ya mtu wa ndani kuwarekodi kwa muda mrefu. Waendesha mashtaka walisema genge lilikuwa likiingiza wanachama kutoka shule za sekondari, wavulana wa miaka 14 na 15, na kwamba baadhi ya waliouawa nao walikuwa watoto wa umri huo. Ninaposoma hivyo namwona mwanafunzi wa Kidato cha Pili, yule yule ninayesomea kumfundisha. Huyo mtoto anahitaji ulinzi wa sheria kali. Ila huyo huyo, akiburuzwa na rafiki yake wa dawati, anaweza kuwa mshtakiwa. Sheria inamwona wapi?

Kwa bahati mbaya miaka ilivyokwenda, matundu ya wavu yakazidi kuwa madogo. Mwaka 1997, kwenye kesi ya Salinas, Mahakama ya Juu ilisema kwamba kwa shtaka la kula njama ya RICO si lazima mshtakiwa mwenyewe atende, wala akubali kutenda, yale makosa mawili. Inatosha kwamba aliridhia mpango na wengine wakautekeleza. Mwaka 2009, kwenye kesi ya Boyle, majaji 7 kwa 2 wakasema kundi halihitaji kiongozi, vyeo, kanuni wala jina. Linahitaji lengo, uhusiano kati ya watu wake, na muda wa kutosha kulifikia lengo hilo. Unganisheni hizo hukumu mbili. Kundi lisilo na jina wala mkubwa, na mtu ambaye hakutenda mwenyewe. Je, hapo tuko mbali kiasi gani na Apalachin, ambako kukaa pamoja hakukutosha?

Jibu lilikuja Aprili 27, 2016, eneo la kaskazini mwa Bronx, New York. Alfajiri mamia ya askari waliingia kwenye nyumba za serikali wanamoishi watu wa kipato cha chini. Watu 120 walishtakiwa kwa siku moja, wakihusishwa na magenge mawili hasimu. Mwendesha mashtaka wa shirikisho, Preet Bharara, alisema inaaminika kuwa ndiyo operesheni kubwa kuliko zote dhidi ya magenge katika historia ya jiji. Na magenge yale hayakuwa ya kufikirika. Yalihusishwa na mauaji kadhaa, mojawapo la bibi wa miaka 92 aliyeuawa ndani ya nyumba yake mwaka 2009 na risasi iliyopotea njia. Bibi amekaa kwake, hana habari na mtu. Nani atasema waliohusika waachwe?

Lakini 120? Mwaka 2019 Profesa Babe Howell na mwenzake Priscilla Bustamante wa Chuo Kikuu cha Jiji la New York walitoa ripoti baada ya kufuatilia kesi ya kila mmoja. Karibu nusu ya watu wale, waendesha mashtaka wenyewe hawakudai kwamba ni wanachama wa genge. Wengine waliishia kufungwa kwa kuuza bangi. Karibu wote walikiri makosa bila kesi kusikilizwa, na hili halishangazi, maana kwenye mahakama za shirikisho zaidi ya tisa katika kila kumi wanaotiwa hatiani huwa wamekiri wenyewe. Unapokabiliwa na kivuli cha miaka 20, unakiri kidogo ili usipoteze vyote. Ushahidi nao ulihusisha yale waliyoandika na picha walizoweka Facebook.

Wale mliokulia kando ya Ziwa Victoria mnajua kokoro ni nini na kwa nini limepigwa marufuku. Kokoro halichagui. Linakokota sangara, sato, dagaa, mayai na majani yake. Siku hiyo unapata samaki wengi kweli kweli, na ukipiga picha unapendeza gazetini. Mwakani ziwa halina kitu.

Nilipokuwa mazoezi ya kufundisha, kwenye shule moja ya sekondari, kuna mwanafunzi alipiga mluzi mwalimu akiwa anaandika ubaoni. Mwalimu aligeuka, akauliza nani, kimya. Darasa zima likapiga magoti juani, wavulana kwa wasichana, kipindi kizima. Nilichojifunza siku ile kwa kuwatazama ni hiki: aliyepiga mluzi alikuwa anacheka, maana adhabu yake ilikuwa ile ile ya wenzake. Na wale ambao hawakupiga mluzi walimchukia mwalimu kuliko walivyomchukia mluzi. Adhabu ya kundi inaunda kundi ambalo halikuwepo. Sina uhakika kama wanasheria wana jina la jambo hili, ila mwalimu yeyote analijua.

Msidhani haya yanaishia ng'ambo ya bahari. Afrika Kusini mwaka 1998 ilitunga sheria yake dhidi ya uhalifu wa kupangwa, na sehemu ya mwenendo wa uhalifu, makosa mawili ndani ya miaka 10, iliazimwa moja kwa moja kutoka RICO, ikiongezewa sura maalumu kuhusu magenge. Sheria zinasafiri kama mitumba. Ukinunua koti, kagua na mifuko.

Kwa hiyo kwenye ule ubishi wa hosteli, msimamo wangu ni huu. RICO si sheria mbaya. Bila hiyo Salerno angefia kitandani kwake akiheshimiwa na Felipe angeendelea kuandika barua. Ubaya unaanza pale swali linapobadilika. Kwa mapapa, mahakama iliuliza: huyu aliamuru nini, alipata nini? Kwa vijana wa mitaani, mara nyingi swali limekuwa: huyu alikuwa na nani? Swali la kwanza linahitaji uchunguzi wa miaka. La pili linahitaji picha moja tu ya watu wamekaa ukutani. Na maskini ndio wanaokaa ukutani, wadau, kwa sababu nyumba ni ndogo na baraza hakuna. Tajiri akikaa na wenzake ni klabu.

Ningekuwa na uwezo wa kuongeza kifungu kimoja tu kwenye sheria ile, ningesema hivi: kabla hujamhesabu mtu kuwa ndani ya genge, onesha kitu alichokifanya yeye, kwa mkono wake au kwa amri yake, akijua kinakwenda wapi. Ukishindwa kuonesha, mwache aende nyumbani, hata kama unachukizwa na marafiki zake. Mahakama ya mwaka 1960 iliweza kusema hivyo kuhusu wazee wa Mafia wenye suti. Haiwezi kuwa vigumu zaidi kulisema kuhusu kijana wa miaka 17 wa Bronx.

Haya, nimemaliza ya kwangu. Watu wa Sheria najua mmekaa mkao wa kunirekebisha, karibuni sana, hoja hujibiwa kwa hoja. Mimi naenda kujisomea, Jumatatu kuna testi ya Saikolojia ya Elimu na desa lenyewe sijaligusa. Tuko pamoja.